Panga la kusafishia mikorosho: ununue la chuma gani?

Korosho zinaanza kudondoka Septemba na Oktoba, na kabla ya hapo kila mwenye shamba Tandahimba, Newala au Nachingwea anataka chini ya mikorosho pawe peupe. Panga baya katika kazi hiyo linachosha kuliko jua. Mwaka mmoja nilinunua gulioni panga lililong'aa kama kioo, bei nafuu. Siku ya pili makali yalikuwa yamejikunja kama ukingo wa bati. Tangu hapo siulizi bei kabla sijauliza chuma.

Namba moja kwangu ni panga la mhunzi lililotokana na springi ya lori, zile bapa zilizopangwa juu ya ekseli. Chuma hicho kina kaboni karibu asilimia 0.6, kiasi kinachotosha kushika makali bila kuwa chepesi kuvunjika. Kilitengenezwa kibebe mzigo barabarani, kipinde na kurudi, kwa hiyo ukikosea ukagonga kisiki hakikuangushi. Ila springi chakavu huweza kuwa na ufa usioonekana kwa haraka. Lishike panga kwa vidole viwili, ligonge kwa kijiwe: likilia kwa sauti ndefu, safi, ni zima. Likitoa sauti butu kama gogo bovu, mrudishie mwenyewe.

Halafu muulize mhunzi alivyolitia moto, maana hapa ndipo mapanga mengi mazuri yanapoharibikia. Chuma hupashwa mpaka kiwe chekundu na sumaku isikishike tena, karibu nyuzi 770 za Selsiasi, kisha huchovywa kwenye mafuta. Springi ikichovywa kwenye maji baridi huweza kupasuka. Baada ya kuchovywa inakuwa ngumu mno, lazima ipashwe tena kidogo ili ilegee. Rangi ndiyo kipimo chake: kwa kisu kidogo huishia kwenye rangi ya majani makavu, kwa panga huendelea mpaka zambarau au buluu, karibu nyuzi 300. Mhunzi anayejua kazi atakueleza hayo bila kusitasita. Anayesema "nachovya tu, basi", mshukuru uende kwa mwingine.

La pili ni panga la kiwandani la chuma cha kaboni, lile jembamba lenye rangi ya kukinga kutu. Kwa kufyeka nyasi kutwa nzima ni jepesi kuliko la springi, na anayepalilia na watoto wake ningemshauri aanze nalo. Kandamiza ncha yake chini mpaka lipinde kidogo, kisha achia; lisiporudi kunyooka, liache hapo hapo. Pitisha pia tupa, kile chuma chenye meno cha kunolea, kwenye makali: ikila kama kwenye mbao, panga ni laini, ikiteleza kama juu ya kioo, litameguka. Unataka tupa ing'ate, lakini kwa shida.

Tupa chakavu yenyewe inatoa kisu kikali sana, kwani kaboni yake hufika asilimia 1 na zaidi. Nunua kisu kidogo cha kukatia kamba au kuchinjia. Panga la tupa usilikubali hata ukipewa bure, kwa sababu likigonga kisiki huvunjika na kipande kinaweza kuruka usoni.

Stenlesi naiweka ya nne kwa shamba, ingawa kwa mpara samaki wa Mikindani au Kilwa ningeipandisha juu: ina kromi isiyopungua asilimia 10.5, hivyo chumvi ya bahari haiitafuni upesi. Usiipime kwa sumaku, kwa kuwa stenlesi nyingi za visu hushikwa na sumaku vilevile. Za bei ya chini huwa laini, kazi yako itakuwa kunoa tu.

Nondo, hapana. Nyingi zina kaboni kidogo, haziwi ngumu hata zichovywe mara ngapi. Zikisuguliwa vizuri zinavutia macho, na nadhani panga langu lile la gulioni lilikuwa la ukoo huo.

Ukishapata la springi, jua kwamba linashika kutu upesi na maji ya mabibo hulitia weusi. Lifute jioni, ulipake mafuta ya nazi kidogo, ulitundike mbali na gunia la chumvi.