Taa za Kujiwasha Ngazini: Uzoefu Wangu Katika Nyumba ya Mji wa Kale

Mama yangu ana miaka 74, na kila alfajiri huteremka ngazi ya mawe ya nyumba yetu, Mji wa Kale, kwenda kutawadha. Ngazi ni nyembamba na ya mwinuko mkali, na swichi yake iko chini tu. Mwaka jana aliteleza vidato viwili. Hakuumia, lakini wiki hiyo hiyo ya Julai nilikwenda kutafuta taa zinazojiwasha mtu anapopita.

Nilianza na balbu za Wai-fai na kihisi chake, yaani kifaa kinachotambua mtu anapopita, nikajuta. Kuta zetu ni za matumbawe na chokaa, nene karibu nusu mita, na mawimbi ya ruta iliyo ukumbini yalifika ngazini yakiwa dhaifu mno. Taa ilichelewa sekunde tatu au nne, na kwa mtu anayeshuka gizani, taa inayowaka akiwa amekwishafika kidato cha tano haina faida. Nilizirudisha dukani, nikaongeza pesa nikachukua seti ya Zigbee, mfumo mwingine wa mawasiliano yasiyo na waya, ambayo balbu zake hupokezana ujumbe zenyewe kwa zenyewe, na kitovu chake, kifaa kinachoziongoza, huendesha kazi humo humo nyumbani hata intaneti ikikatika. Sasa mguu haugusi kidato cha kwanza ila taa imewaka.

Kilichonisumbua zaidi ni mahali pa kuweka kihisi. Aina hii hutambua joto la mwili linapopita mbele ya kitu chenye joto tofauti, na ndiyo sababu kihisi kilichoniona kutoka mita 5 wakati wa baridi ya Julai, mwezi wa Machi, hewa ilipokaribia nyuzi 33, kilisubiri nifike mita 2. Isitoshe, humtambua upesi anayekatiza mbele yake kuliko anayekijia moja kwa moja, nami nilikuwa nimekiweka mkabala na ngazi, kikimtazama mama anavyokuja. Fundi wa umeme alinishauri nikihamishie ukuta wa ubavuni, karibu na kidato cha juu, na hata joto la Machi halikukishinda tena. Ushauri huo ulinifaa kuliko maelezo yote yaliyokuwa ndani ya boksi.

Mwangaza nao ulihitaji kupimwa. Mama alisema, «Mwanangu, taa hii yanipiga machoni,» basi kuanzia saa nne usiku nimeiweka asilimia 15, ya rangi ya manjano, ikizimika baada ya sekunde 90.

Kuna kasoro mbili. Mgeni akizima swichi ya ukutani kwa mazoea, balbu hukosa umeme na kihisi hakina la kuwasha, kwa hiyo nimeifunika swichi hiyo kwa kifuniko cha plastiki. Pia stima iliporudi usiku mmoja, balbu zote ziliwaka kwa nguvu kamili na kuamsha nyumba nzima, mpaka nikabadilisha mpangilio katika programu ili zirudi katika hali ziliyokuwa nayo kabla.

Kwa nyumba ya matofali ya orofa moja, yenye ruta karibu, seti ya Wai-fai yaweza kutosha, na ni nafuu. Kwa nyumba za mawe kama yetu, nashauri Zigbee bila kusita. Uani sijaweka bado, kwa kuwa hewa ya chumvi hula vyuma haraka, nami nataka kwanza kupata kihisi chenye kasha lililozibwa barabara.