Tairi gani la kuituliza pikipiki inayoyumba?

Kwanza koni, yaani beringi za shingo ya usukani. Inua gurudumu la mbele, shika shokapu zote mbili kwa chini, uzisukume mbele na nyuma. Zikicheza, koni za usukani zimelegea na tairi jipya halitakusaidia. Pima upepo tairi likiwa baridi, kagua spoku na beringi. Yote yakiwa sawa, pitisha kiganja juu ya tairi la mbele, kwenda na kurudi. Langu lilikuwa laini kiganja kikienda, kikirudi likikwaruza kama msumeno, na kila nikipunguza mwendo kufika kilomita 60 kwa saa usukani ulicheza. Nilipofunga jipya, ukatulia siku hiyohiyo.

Chaguo langu la kwanza ni seti ya barabarani, mbele na nyuma za modeli moja. Duara la tairi, yaani mviringo wa uso wake kutoka ubavu hadi ubavu, ndilo linaloilaza pikipiki kwenye kona. La nyuma likishalika katikati likawa bapa, utaisikia ikigoma kulala, kisha inaanguka ghafla. Seti huyarudisha maduara mawili yaliyotengenezwa kufanya kazi pamoja. Pikipiki iliyotoka kiwandani na matairi ya bayasi, yale ambayo nyuzi zake hukatana mshazari, itafutie Bridgestone Battlax BT46 au Avon Roadrider MKII. Ya rediali (utaona herufi R katikati ya kipimo, kama 180/55ZR17) ipewe Michelin Road 6 au Pirelli Angel GT II. Usifunge rediali mbele na bayasi nyuma, wala kinyume chake, isipokuwa mtengenezaji ameruhusu.

La pili ni tairi la mjini, mfano Michelin City Extra. Kwa pikipiki ndogo ya kazi za kila siku linatosha kabisa, na mara nyingi ndilo lenye kipimo chako.

Matairi ya lami na vumbi nayaweka ya tatu. Yachukue kama kweli unapita njia za udongo, kwa sababu meno marefu hujikunja kwenye lami na usukani huyahisi. Kadiri meno yanavyoachana, ndivyo mtikisiko unavyozidi.

La mwisho, ambalo sikushauri hata kidogo, ni tairi pana kuliko kipimo ili pikipiki ionekane nzito. Rimu nyembamba hulibana, duara linabadilika umbo, na kona inakuwa kazi.

Dukani, soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Lililopita miaka mitano mimi silichukui, hata likiwa halijaguswa. Fundi akifunga, hakikisha mshale ubavuni unaelekea gurudumu linakozunguka, na gurudumu lipimwe mizani. Kilomita 100 za mwanzo nenda taratibu, usilaze sana wala kushika breki kwa nguvu. Ngozi ya tairi jipya inateleza.