Mbegu za kuchanganya na mahindi ya vuli: uliza kwanza kama inakwea

Kila ikifika Januari, malalamiko ya wasomaji wangu hufanana. Mtu alipanda mahindi ya vuli Oktoba, akachanganya na fiwi (zao la jamii ya maharage) au kunde kama alivyoshauriwa dukani, mvua zikanyesha vizuri, na sasa mahindi yamelala chini. Msimu huu malalamiko yametoka Muheza, Same, na hata Kwale kule Kenya. Naandika mapema ili Oktoba ijayo msinunue gizani.

Mavuno kwa ekari na bei ya kilo sitavigusa, muuzaji yeyote atakuambia. Ninachotaka uulize ni hiki: mmea huu unasimama, unatambaa, au unakwea? Pakiti nyingi zina jina la mbegu, uzito na siku za kukomaa. Namna mmea unavyoota hakuna anayeiandika, wakati kwa anayechanganya mazao hilo ndilo linaloamua kila kitu.

Unaotambaa chini si mbaya sana, hufunika udongo na kubana magugu. Shida ni unaokwea. Ncha yake hutafuta kitu cha kujiviringisha, na katika shamba la mahindi kitu hicho ni bua. Mahindi yanapotoa mbelewele, mzigo wa majani mabichi umeshafika juu, na upepo wa mvua za Desemba ukipiga, mstari mzima unalala. Hindi linalolala kwenye udongo wenye unyevu huota ukungu, na mahindi yenye ukungu ni mlango wa sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu huo. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu. Kwa hiyo sikubali kuambiwa kwamba mahindi kulala ni hasara ndogo.

Chaguo langu la kwanza ni mbaazi, na kati ya mbaazi zote naipendelea Mali, ile ambayo watafiti huiita ICEAP 00040. Sifichi upendeleo huu. Mbaazi husimama yenyewe kama mti. Miezi ya mwanzo hukua polepole mno, hivyo hainyang'anyani mwanga na mahindi, kisha mahindi yakishavunwa ndipo inapotanuka. Mizizi yake huenda chini kuliko ya mahindi, na majani yanayopukutika ni mbolea ya bure. Mali ina sifa nyingine kubwa: inastahimili mnyauko wa fuzari, ugonjwa unaokausha mbaazi za kienyeji zikiwa zimeshachanua. Babati na Karatu huipanda na mahindi kuanzia Novemba na kuivuna Agosti au Septemba. Jirani zetu wa Machakos na Makueni kule Kenya, wanaotegemea mvua hizi hizi za mwisho wa mwaka, wana KAT 60/8 inayokomaa mapema zaidi. Jambo la kupangia ni kwamba mbaazi itakuwa bado imesimama masika yakifika. Kama shamba lako hulimwa kwa trekta Februari, tenga sehemu yake au chagua zao linalofuata hapa.

Hilo ni maharage mafupi. Lyamungu 90 hujikusanya kichakani pake, hayakwei, na huondoka shambani kabla mahindi hayajakauka. Jesca pia ni mafupi. Ukiuziwa MAC 34, jua kwamba ni maharage ya kukwea, mazuri sana kwa mwenye miti ya kuyaegemeza, ila mabua ya vuli hayayawezi.

Kunde naziweka za tatu, na hapo ninamaanisha Vuli-1, iliyosimama na inayowahi. Utapuliza dawa ya wadudu, hakuna namna.

Desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, ni suala tofauti. Kama shamba lako lina kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, ipandishe iwe ya kwanza na usahau mpangilio wangu. Katika mfumo wa sukuma-vuta, uliotokana na kazi ya kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kule Mbita, Kenya, pamoja na kituo cha utafiti cha Rothamsted cha Uingereza, harufu yake hufukuza nondo wa funza wa mabua, na mizizi yake huchochea mbegu za kiduha ziote kisha zife kwa kukosa pa kushika. Nayo hutambaa na kupanda mabua, lakini inakatwa kuwa lishe ya ng'ombe, kwa hiyo kasoro hiyo ina dawa. Mbegu ni ndogo kama vumbi, na bei yake inanikera: wenye kiduha ni wakulima wenye mashamba yaliyochoka, na ndio wanaotozwa zaidi.

Za mwisho ni fiwi na mukuna, mmea wa kufunika udongo. Fiwi aina ya Rongai ilisambazwa kwa ajili ya malisho, ndiyo maana ina kamba ndefu hivyo. Ukiitaka, ichomeke baada ya mahindi kutoa mbelewele, isije ikayawahi. Mukuna hukwea kuliko zote, na mbegu zake haziliwi hivi hivi.

Mbegu za debe sokoni ni rahisi, lakini zimechanganyika: zinazosimama na zinazokwea katika kopo moja.

Wenye maduka ya pembejeo nina neno nao. Mbegu za mahindi chotara zinajaa rafu nzima, mbaazi bora huambiwa "zimeisha" kabla msimu haujaanza. Sababu inajulikana. Maharage na kunde hujichavusha, mkulima akinunua mara moja anaweza kuhifadhi mbegu misimu kadhaa, kwa hiyo kampuni hazioni faida ya kumhudumia. Na mbaazi ilipata pigo jingine Agosti 2017, India ilipoweka ukomo wa tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingizwa. Bei huku ikaporomoka na wengi wakang'oa. Waliobaki nazo hawakupewa hata mbegu bora karibu na nyumbani.

Agiza Mali mwezi Agosti, kwa jina. Kenya, kwangua lebo ya KEPHIS, wakaguzi wa mbegu wa huko, na utume namba kwenda 1393. Tanzania, dai lebo ya TOSCI, wathibitishaji wa ubora wa mbegu. Muuzaji akishindwa kukuambia kama mbegu inakwea, nenda duka lingine.