Sola ya saluni Kisumu: nilinunua kwa aliyeniambia haiwashi draya

Niko na saluni ndogo hapa Mamboleo, kinyozi upande mmoja, na vile stima hupotea jioni ndio wateja wanaingia nikaanza kutafuta sola. Niliacha namba yangu kwa kampuni moja ya lipa mdogo mdogo, jina siweki, na tangu hiyo siku simu haikupumua. "HONGERA MPENDWA MTEJA, OFA INAISHA LEO SAA SITA USIKU!!!" Kesho yake ofa ni ileile na bado inaisha leo. Kijana wao wa mauzo akipiga ni "madam zimebaki mbili tu, nikushikie moja?" Namuuliza itawasha draya? "Madam hii inawasha kila kitu, utasahau mambo ya tokeni." Namuuliza jumla ni ngapi mpaka nimalize kulipa, ananiambia ni mia moja tu kwa siku. Siku ngapi sasa? Anarudi kwa ofa. Mtu anajua bei ya kitu chake na hataki kuitaja, huyo mimi simpi pesa yangu.

Sasa karibu na soko la Kibuye kuna mzee ana duka, kwa mlango amebandika karatasi ya kuandikwa na mkono: HAIWASHI PASI, DRAYA WALA HITA. Aki hilo ndilo tangazo lilinivuta ndani. Kabla aniuzie chochote akasema, "Mama, nitajie vitu vyako vyote kwanza." Akachukua biro akapiga hesabu juu ya kadibodi ya balbu: betri ya gel ya 100Ah, volti 12, inabeba kama wati 1200 kwa saa moja lakini usiimalize, tumia nusu ndio idumu, kwa hivyo hesabu 600. Draya yangu inakula wati 1500 na inveta yenyewe, ile inageuza umeme wa betri uwe wa soketi, ni ya wati 500, itajizima papo hapo. Lakini mashine za kunyoa, taa, redio na kuchaji simu za wateja, hizo haina shida. Leseni yake ya EPRA, wale wa serikali wanaosimamia mambo ya nishati, alinionyesha bila kuulizwa, na bei akaandika yote, waya na kazi ya kufunga ndani.

Nimeitumia jua na mvua. Inafanya kile alisema tu, na blow-dry bado nangojea stima. Kitu sikupenda ni fundi alichelewa sana kuja kufunga, hapo mzee arekebishe, na paneli ikishika vumbi lazima upanguze, ingawa hiyo alikuwa ameniambia.

Wale wa ofa waliendelea na meseji hadi nikawaandikia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inanipa haki ya kukataa namba yangu kutumiwa kwa matangazo, ndio wakaacha. Kama wanataka tuwasikize sisi wa biashara ndogo, waandike jumla ya bei kwa hiyo meseji, na waseme vitu gani haiwashi.