Ryu, Terry na Kazuya ndani ya Smash Ultimate: nani kahamishwa vizuri?

Kati ya wageni waliotoka kwenye gemu za mapigano ya ana kwa ana na kuingia Super Smash Bros. Ultimate, gemu ya Nintendo inayowakutanisha wahusika wa gemu nyingi, Terry Bogard wa Fatal Fury ndiye aliyehamishwa vizuri zaidi. Ryu wa Street Fighter alifungua njia. Kazuya wa Tekken ndiye anayefanana zaidi na alivyokuwa kwao. Lakini ni Terry peke yake ambaye mtu asiyemjua kabisa anaweza kumchukua, akabonyeza vitufe viwili tu, na bado akapigana kama Terry.

Ugumu wa kazi yenyewe unahitaji kueleweka kwanza. Street Fighter, Fatal Fury na Tekken zina mstari wa uhai unaopungua; Smash ina asilimia inayopanda, na kadiri inavyopanda ndivyo pigo lilelile linavyomrusha mpinzani mbali zaidi. Kwa hiyo kombo, yaani mapigo yanayoungana mfululizo, inayoshika kwenye 20% inakatika kwenye 90%, kwa sababu mpinzani keshapaa kabla ngumi ya pili haijafika. Kule kwao unajikinga kwa kurudisha stiki nyuma. Hapa ngao ina kitufe chake. Kule uwanja hauna shimo; hapa ukitolewa nje lazima uwe na njia ya kurudi. Anayehamisha mapigo akinakili tu umbo la ngumi na teke, anapata sanamu iliyovaa nguo za mhusika.

Ryu aliingia mara ya kwanza Juni 2015, kwenye toleo la Smash la Wii U na 3DS, na ndiye mpiganaji wa kwanza wa Smash kupewa amri za stiki, yaani mizunguko ya stiki inayofuatwa na kitufe. Hadoken, tufe la nishati analorusha, inatoka kwa kitufe cha B (cha mapigo maalumu), lakini ukizungusha ↓↘→ kisha ukabonyeza, inatoka yenye nguvu zaidi. Nusu duara ←↙↓↘→ inatoa Shakunetsu Hadoken, ile ya moto inayogonga mara kadhaa. Shoryuken, ngumi ya kupaa, kwa amri ni →↓↘, na hiyo ndiyo inayomaliza watu. Vitufe sita vya Street Fighter, ngumi tatu na mateke matatu, vimebanwa kwenye kitufe kimoja, A: ukigusa unapata pigo jepesi, ukishikilia unapata zito. Wazo ni zuri, ila linadai kidole chenye nidhamu. Kosa la kila siku ni kushikilia kitufe kidogo tu kupita kiasi: ulitaka teke jepesi la kuchuchumaa ili uunganishe na Shoryuken, likatoka zito, na mpango wako ukavurugika.

Focus Attack, iliyotoka Street Fighter IV, imehama karibu nzima: inameza pigo moja, unaweza kuikatisha kwa kuchomoka mbele au nyuma, na ukiijaza mpaka mwisho mpinzani anaporomoka taratibu. Kilichopungua ni Hadoken. Kwa Ryu wa Street Fighter, Hadoken ni ukuta: mpinzani akiruka, mruko wake hauna pa kugeukia, na Shoryuken inamsubiri chini. Kwenye Smash kila mtu anaruka mara mbili, anajiongoza hewani na ana majukwaa ya kukanyaga. Ule mtego wa mapigo mawili umevunjika. Shoryuken imegeuzwa kuwa pigo la kufungia kombo, na nadhani huo ulikuwa uamuzi sahihi. Pengo limebaki kwenye kurudi jukwaani. Tatsumaki, teke lake la kuzunguka, inakwenda kwa ubapa, Shoryuken inakwenda juu, na mpinzani mzoefu anajua mapema ni ipi inakuja.

Terry aliongezwa tarehe 6 Novemba 2019, na inaonekana wazi kwamba makosa ya awali yalisomwa. Angalia B ya pembeni, yaani B pamoja na stiki upande: ukielekeza mbele unapata Burning Knuckle, ukielekeza nyuma unapata Crack Shoot. Upande wa nyuma, ambao kwa wengi ni wa kugeuka tu, umepewa pigo lake. Chini kuna Power Dunk, juu kuna Rising Tackle. Hivyo mapigo manne maarufu yanapatikana bila amri hata moja. Amri ni nyongeza kwa anayetaka nguvu zaidi: ↓↘→ kwa Burning Knuckle, ↓↙← kwa Crack Shoot, →↓↘ kwa Power Dunk, na kwa Rising Tackle unashikilia ↓ kidogo kisha ↑ pamoja na kitufe. Power Wave ikipigwa ardhini inakimbia chini kama wimbi; ikipigwa hewani inalipuka karibu na mwili tu, kwa hiyo usiitegemee kumfukuza mtu aliye mbali.

Ufundi mkubwa zaidi uko kwenye sheria ya 100%. Kwao, Terry anapata mapigo ya kufa na kupona uhai ukikaribia kwisha. Smash haina uhai wa kwisha, basi sheria imegeuzwa: madhara yako yakifika 100%, alama ya GO inatokea karibu na asilimia yako, na Power Geyser pamoja na Buster Wolf vinafunguka mpaka utakapotolewa. Ukicheza modi ya mstari wa uhai, vinafunguka ukibakiwa na chini ya theluthi moja. Hisia ni ileile: ukielemewa ndipo unapotisha. Mpinzani aliyekuwa anakusukuma bila woga sasa analazimika kufikiri kabla ya kila hatua. Hapa kilichohamishwa ni uamuzi wa mchezaji, na ndiyo maana nampa nafasi ya kwanza.

Buster Wolf ni ↓↘→↓↘→, Power Geyser ni ↓↙←↙→. Ukiona Burning Knuckle inatoka badala ya Buster Wolf, ama hujafika 100%, ama robo duara moja haikukamilika na gemu imesoma ↓↘→ moja tu. Dawa yake si kuzungusha haraka zaidi. Punguza kasi kwenye modi ya mazoezi, hakikisha stiki inagusa ↓ kabisa kabla ya mzunguko wa pili, kisha rudisha kasi ya kawaida. Njia nyepesi ya kuitumia vitani ni kupiga ngumi mbili za mwanzo za A na kuzungusha wakati zinagonga: zikishika, unamalizia na Buster Wolf, zikigonga ngao, acha amri na ubaki salama. Terry pia ana pigo la kukwepa papo hapo: kwepa, bonyeza A ndani ya ukwepaji, na anajibu kwa ngumi ambayo unaweza kuiunganisha na pigo maalumu. Wachezaji wengi wapya hawaligundui kabisa, na ni hasara kubwa.

Kazuya, aliyeingia mwishoni mwa Juni 2021, amepewa mapigo ya A kwa kila mwelekeo wa stiki, ikiwemo ya mshazari na ya kuchuchumaa, jambo ambalo hakuna mwingine analo. Ni Tekken kweli. Electric Wind God Fist ni →↓↘, na A lazima iguswe sawia na ↘. Ukichelewa unapata Wind God Fist ya kawaida, isiyo na umeme, na mlango wa kombo ndefu unafungwa. Ni mhusika wa kutisha mikononi mwa aliyejizoeza, lakini anakimbia polepole, na dhidi ya mtu anayerusha vitu kutoka mbali anataabika. Tekken haikumfundisha kuvuka mvua ya risasi, na Smash haikumpa mwavuli wa kutosha.

Mambo mawili yanawahusu wote watatu. Kwanza, mkiwa wawili tu uwanjani wanajigeuza wenyewe kumtazama mpinzani, maana amri husomwa kwa kufuata upande anaotazama. Mpinzani akikuruka katikati ya mzunguko, mbele inakuwa nyuma na amri inaharibika, hivyo subiri atue ndipo uanze. Mkiwa watatu au zaidi, kujigeuza huko hakupo. Pili, nenda kwenye mpangilio wa vitufe na uzime kuruka kwa stiki kabla ya mechi ya kwanza. Usipozima, ↑ ya Rising Tackle itakurusha hewani mara nyingi kuliko itakavyopiga.

Kuhusu pedi, vitufe vya msalaba havitembezi mhusika katika Smash, kwa hiyo amri zote zinapita kwenye stiki. Pedi ya GameCube ina ukingo wa pembe nane kuzunguka stiki, na kona zake zinaikamata ↘ bila kubahatisha. Kwa Terry tofauti ni ndogo. Kwa Electric ya Kazuya ni kubwa mno, na anayetaka kumfanya mhusika wake mkuu aanze na pedi hiyo.