China ya Marbury au Ulaya ya Hines?

Mchezaji wa kikapu wa Marekani akikosa nafasi NBA, ligi kuu ya kwao, au NBA ikimchoka, njia mbili kubwa humwita: China na Ulaya.

Stephon Marbury alitua China mwaka 2010, nyota ambaye nuru yake ilishafifia kwao. Kule mchezaji wa kigeni ndiye injini: mpira anao yeye, pointi anadaiwa yeye, na enzi zake robo moja ya mechi ilikuwa dakika 12 kama NBA. Akaipa Beijing Ducks ubingwa 2012, 2014 na 2015. Wakamsimamishia sanamu. Sanamu, jamani, na mwenyewe alikuwa bado anacheza!

Kyle Hines, Mmarekani aliyekwenda Ulaya, hakuwahi kucheza NBA hata mechi moja. Ana mita 1.98 tu, lakini alicheza senta, nafasi ya warefu chini ya kikapu, akiyazuia majitu kwa kifua na miguu myepesi. Ulaya mechi ni dakika 40, kocha hugawa muda kwa kikosi kizima, na pointi kumi zinatosha kukufanya shujaa wa usiku. Hines alibeba EuroLeague, ligi kubwa ya klabu za Ulaya, mara nne: mbili na Olympiacos, mbili na CSKA Moscow.

Mimi mpenda ulinzi naangukia Ulaya. Anayetaka kurusha mpira kila akiushika apande ndege ya Beijing.