Darasa la jioni la Kiingereza mjini Moshi, kwa wanaofanya kazi mlimani

Kwa miezi mitatu nimesoma Kiingereza katika darasa la jioni lililo hatua chache kutoka soko la Mbuyuni, na ninaandika tathmini hii kwa sababu wapagazi wenzangu wanaojiandaa kuwa waongozaji wa Kilimanjaro wananiuliza kama ada yake inastahili kulipwa. Inastahili, hasa kwa jambo moja ambalo sikulipata shuleni: namna kitenzi kifupi cha Kiingereza kinavyogeuka maana kikifuatwa na neno dogo kama "up", "off" au "after".

Tatizo hili nilikutana nalo kazini. Usiku mmoja, tukiwa juu ya mita 5,000 kati ya kambi ya Kibo na Gilman's Point, kituo kilicho ukingoni mwa kreta ya mlima, mgeni alisimama ghafla akaniambia, "I'm going to throw up." Nilijua "throw" ni kutupa na "up" ni juu, nikadhani begi limemlemea, nikawa namvua begi huku yeye akitapika juu ya jaketi lake. Kutapika katika kimo kile huweza kuwa dalili ya ugonjwa wa mwinuko, na anayemwongoza mgeni hapaswi kuchelewa kuelewa hata kwa dakika moja.

Mwalimu wetu huanzia kwenye Kiswahili. Aliandika ubaoni funga, fungua, fungia, fungana, akatuonyesha kwamba sisi hugeuza maana kwa kubadilisha mwisho wa kitenzi, ilhali Waingereza mara nyingi hukiacha kitenzi kilivyo na kukiwekea neno jingine pembeni: "look for" ni kutafuta, "look after" ni kutunza, "look down on" ni kudharau. Alitukumbusha pia kwamba pikapu inayobeba mizigo yetu imetokana na "pick up", yaani kuchukua, kwa hiyo vitenzi hivi tulikuwa navyo mdomoni siku nyingi bila kuvitambua.

Somo lililonifaa kuliko yote lilihusu mahali pa kuweka kile kinachotendwa. Unaweza kusema "turn off the torch" au "turn the torch off", lakini ukitumia "it" ni lazima useme "turn it off". Kwa upande mwingine, "look after her" haigawanyiki kamwe. Mwalimu alituzoeza pia kusikiliza mkazo, kwani katika "throw up" sauti hukazwa zaidi kwenye "up", neno ambalo mimi nilikuwa nalipuuza nikidhani uzito wote uko kwenye kitenzi.

Kasoro zipo. Orodha ya vitenzi tunayogawiwa imepangwa kwa alfabeti, jambo linalochosha akili, kwa sababu "get over", "get by" na "get away" hukutana katika jioni moja na kuchanganyikana vichwani; ingefaa zaidi vitenzi vipangwe kwa mazingira, vya ugonjwa pamoja na vya safari pamoja. Tena hakuna vipindi vya kufidia. Niliporudi baada ya siku sita za njia ya Machame nilikuta "get" imekwisha, ikanibidi kunakili daftari la mwenzangu. Anayetegemea mlima ajiandikishe Aprili, wakati wa masika, safari zinapokuwa chache.